Kanisa la Morebath na Kondoo Wake

Msomaji akitajiwa makanisa ya kale ya Uingereza, upesi mawazo yake huenda Canterbury au Durham, kwenye minara mirefu na nguzo za mawe zilizozoeleka katika picha za vitabu. Walakini makanisa makubwa ya namna ile yalikuwa machache, na mkulima wa siku zile aliweza kuishi na kufa bila kuliona hata moja. Kanisa alilolijua ni lile la kijijini kwake. Humo alibatizwa, humo alioa, na nje ya ukuta wake alizikwa karibu na baba zake. Makanisa hayo madogo yalizidi 8,000 katika nchi nzima, na mengi yangali yamesimama hata leo. Lakini mawe hayasemi ni nani aliyeyalipia, wala ni nani aliyegombana na jirani yake kwa ajili ya gharama ya kengele.

Kwa bahati njema liko kanisa moja ambalo padre wake aliyaandika mambo hayo yote, makubwa na madogo, kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini, na kitabu chake hakikupotea. Kanisa hilo ni la Morebath.

Morebath ni kijiji katika jimbo la Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, pembeni mwa nyika ya juu iitwayo Exmoor. Nchi yake ni ya vilima na mvua nyingi, na majani yake yafaa kondoo kuliko ngano. Nyumba zake hazikukusanyika mahali pamoja, bali zilitawanyika mabondeni, kila jamaa na shamba lake. Na zamani za habari hizi jamaa hizo zilikuwa 33 tu. Mji mkubwa wa upande ule ni Exeter, mwendo wa maili 25 hivi. Kanisa lao liliwekwa kwa jina la Mtakatifu George.

Mwaka 1520 alikuja padre mpya, jina lake Christopher Trychay, mzaliwa wa Culmstock katika Devon hiyo hiyo. Alikaa Morebath mpaka alipokufa mwaka 1574, maana yake miaka 54 katika mtaa mmoja. Kitabu alichokiacha si kitabu cha mafundisho ya dini, ni kitabu cha hesabu: fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, nani anadaiwa, nani amelipa nusu. Wasimamizi wa mali ya kanisa walikuwa wakulima, na padre ndiye aliyewaandikia. Tena hakuandika ili karatasi ziwekwe sandukuni. Hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mtaa wote, na kwa sababu hiyo maneno yake ni maneno ya mtu anayesema na watu: hurudia jambo ili lieleweke, hukumbusha ahadi, husifu, na mara nyingine hulalamika. Sisi walimu tunaoandika hesabu za shule twaijua kazi hiyo jinsi inavyochosha. Yeye naona aliipenda.

Yapasa kwanza kueleza kwa nini watu wa kijiji walikuwa na hesabu hata kidogo. Tangu karne ya 13 desturi ya Kanisa la Uingereza ilikuwa hivi: sehemu ya mashariki, yenye altare kubwa, ilikuwa juu ya yule anayepokea zaka ya mtaa, lakini sehemu wanayosimama watu, pamoja na paa lake, na vitabu na mavazi ya Misa, ilikuwa juu ya watu wenyewe. Huko Morebath zaka kubwa ilikwenda kwa watawa wa Barlinch. Paa likivuja juu ya vichwa vya watu, watawa hawakudaiwa kitu. Watu wa nyumba 33 walipaswa kutafuta mbao, chokaa na fundi.

Nao walikuwa na njia yao. Mali ya kanisa ilikuwa imegawanyika katika mifuko mingi. Ulikuwako mfuko wa Bikira Mariamu, na wa Mtakatifu George, na wa Mtakatifu Antoni, na wa Mtakatifu Sidwell. Ulikuwako mfuko wa taa ya kuwaombea wafu, na mfuko wa Vijana wa kiume, na mfuko wa Wasichana. Kila mfuko ulikuwa na msimamizi wake, kila msimamizi alitoa hesabu yake, na kazi ya mifuko hii ilikuwa hasa kutunza mishumaa ya nta iliyowaka mbele ya sanamu za watakatifu.

Nta hununuliwa kwa fedha, na fedha ya Morebath ilitoka mgongoni mwa kondoo. Kanisa halikuwa na malisho yake wala mchungaji wa kulipwa. Kila kondoo wa kanisa aliwekwa kwa mtu fulani, akala majani pamoja na kondoo za mtu huyo. Mwaka ulipokwisha walihesabiwa wote: yupi amezaa, yupi amekufa, yupi amepotea, na sufu imeuzwa kwa bei gani. Mtu anayejua desturi ya kumwekea jirani mnyama amfugie hatahitaji maelezo marefu. Ataona mara moja faida yake, na ataona pia maneno yanayoweza kutokea kondoo anapokufa, na ikawa aliyekufa ni wa kanisa na wa mwenye nyumba yu hai.

Usimamizi haukuwa wa wakubwa peke yao. Ulizunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ilipofika kwa mjane mwenye shamba lake, alishika kazi kama mwanamume, akatoa hesabu. Wasichana walikuwa na wasimamizi wao katika wasichana, na pengine aliyechaguliwa alikuwa mdogo hata baba yake akawa mdhamini wake. Hapo ndipo nionapo mimi kiini cha habari hii. Katika jamaa 33 kulikuwa na kazi za heshima za kutosha hata mtu asiye na ng'ombe wala mashamba mengi aliweza siku moja kusimama mbele ya wenzake wote na kusema: nilipokea hiki, nilitumia hiki, na hiki ndicho nawaachieni.

Juu ya mifuko hii walikuwako wasimamizi wakuu wawili, nao walipata fedha yao kwa njia ambayo wazee wa kanisa wengi wa siku zetu wangeitazama kwa mashaka. Walipika pombe. Palikuwa na nyumba ya kanisa, na siku zilizowekwa pombe ya shayiri ilipikwa, watu wakaja hata wa mitaa ya jirani, wakala, wakanywa, wakalipa; na faida ikatengeneza paa. Jirani naye alipopika yake, watu wa Morebath walikwenda kwake kulipa wema huo.

Isidhaniwe kwamba watu hawa walikuwa malaika. Katika miaka ya 1530 mtaa uligawanyika vibaya kwa ajili ya ujira wa karani wa kanisa, yule aliyepiga kengele, akamjibu padre katika ibada, na kupeleka maji ya baraka majumbani. Wengine walikataa kutoa sehemu yao. Padre alilifuatia jambo hilo kwa uvumilivu mkubwa, maana kwake amani ya mtaa ilikuwa jambo la kwanza, na mwishoni watu waliochaguliwa waliketi wakapanga kila nyumba itoe nini.

Jambo alilolipenda Trychay mwenyewe ni heshima ya Mtakatifu Sidwell. Sidwell alikuwa mtakatifu wa Exeter. Hadithi yake husema kwamba alikuwa msichana mwenye urithi wa ardhi, mama yake wa kambo akaitamani, akawaagiza wakata majani wakamwua kwa miundu yao. Padre alileta sanamu yake Morebath mara baada ya kufika, naye pole pole akaingia katika mioyo ya watu. Walimwachia fedha na tasbihi katika wasia zao, wakamvika kiatu cha fedha, na wazazi wengine wakawaita binti zao Sidwell.

Usiku wa tarehe 20 Novemba 1534 mwizi alipanda kwa ngazi juu ya paa la kanisa, akaivuta ngazi nyuma yake, akaiegemeza kwenye dirisha la mnara, akalivunja, akaingia kati ya kengele. Akashuka, akavunja masanduku, akachukua kikombe cha Misa na kiatu cha Sidwell. Asubuhi hasara ikajulikana. Wasimamizi wakuu hawakuwa na fedha ya kununua kikombe kingine. Ndipo vijana na wasichana wa mtaa walipokusanyika, wakachanga wao kwa wao, wakanunua kikombe kipya bila kuutoza mtaa hata senti moja. Padre ameliandika tendo hilo kwa furaha isiyofichika. Vijana hao walikwisha kuzoea kushika fedha ya kanisa na kuitolea hesabu, basi siku ya haja hawakungoja kuagizwa.

Tena alikuwa na shauku nyingine ya muda mrefu. Alitaka mtaa uwe na mavazi meusi ya kusomea Misa ya wafu, ili maskini azikwe kwa heshima sawa na tajiri. Yeye mwenyewe aliacha haki yake ya zaka katika sufu ya kondoo za kanisa iwe akiba ya mavazi hayo. Shilingi ziliingia kidogo kidogo, na akiba ilichukua karibu miaka 20. Mavazi yalinunuliwa mwaka 1547. Msomaji na auweke mwaka huo moyoni.

Maana wakati huo wote mambo makubwa yalikuwa yakitendeka London. Mwaka 1534 Mfalme Henry wa Nane alijifanya mkuu wa Kanisa la Uingereza mahali pa Papa. Mwaka 1536 akaanza kuzifunga nyumba ndogo za watawa, na Barlinch ikawa moja ya hizo. Watu wa Morebath hawakulia sana kwa ajili yake. Dirisha moja la vioo vya rangi lilitoka Barlinch likatiwa katika kanisa lao. Lakini mwaka 1538 amri ya mfalme iligusa nyumbani. Mishumaa yote mbele ya sanamu izimwe, isipokuwa michache iliyotajwa. Amri hiyo hiyo iliagiza kila kanisa liwe na Biblia ya Kiingereza, tena na kitabu cha kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Biblia katika lugha ya watu ni jambo ambalo mimi, niliyejifunza kusoma kwa Injili ya Kiswahili, siwezi kulitaja bila shukrani. Lakini mfuko wa mshumaa usiowaka una kazi gani? Mifuko ikaanza kufifia mmoja mmoja.

Mwaka 1547 Henry akafa, na mwanawe Edward wa Sita, mtoto wa miaka 9, akatawazwa. Washauri wake walitaka matengenezo yaende mbio. Sanamu zote zikaamriwa kuondolewa. Sala za kuwaombea wafu zikapingwa. Na hapo msomaji ataona jinsi mavazi meusi yaliyosubiriwa miaka 20 yalivyofika mlangoni saa ile ile ambayo mlango ulikuwa ukifungwa. Pombe za kanisa zikakatazwa katika sehemu zile. Kondoo za kanisa zikaisha.

Mwaka 1548 msimamizi mkuu alikuwa mwanamke, Lucy Scely, naye hakuwa na mwenzake. Zamu yake ilifika mwaka ule mbaya kuliko yote. Mifuko ilikuwa imekufa, pombe haipikwi, na kila mjumbe wa serikali aliyepita alidai jambo lililohitaji fedha. Hesabu iliyotolewa mwisho wa mwaka wake ni hesabu ya vitu vinavyouzwa.

Halafu ukaja mwaka 1549. Kitabu kipya cha Sala, cha Kiingereza, kiliamriwa kitumike nchi yote tangu Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni. Siku ya pili yake watu wa Sampford Courtenay, kijiji kingine cha Devon, walimlazimisha padre wao kusoma Misa ya Kilatini kama kwanza. Moto ukaenea. Watu wa Cornwall nao wakaja, na katika madai yao walieleza kwamba baadhi yao hawakujua Kiingereza. Hoja hiyo hupuuzwa na wengi, nami naiona nzito. Kwa Mkornishi wa aina hiyo Kiingereza kilikuwa lugha ngeni kama Kilatini, ila Kilatini alikuwa amekizoea tangu kubatizwa. Tena mwaka huo huo kodi mpya ilikuwa imewekwa juu ya kondoo, na Devon ni nchi ya kondoo. Mwanzo wa Julai waasi waliuzingira mji wa Exeter, wakapiga kambi nje ya kuta zake, mahali paitwapo St David's Down.

Katika hesabu za Morebath za wakati huo pana mistari inayotaja vijana watano, na fedha waliyopewa, na silaha zao, walipotoka kwenda kambini. Kasisi wa Morebath aitwaye Binney alikichapisha kitabu cha Trychay mwaka 1904, lakini maana ya mistari hiyo haikutambulika wazi mpaka Eamon Duffy, mwalimu wa historia wa Cambridge, alipoieleza katika kitabu chake juu ya Morebath mwaka 2001. Kambi iliyotajwa ni St David's Down, na kambi ile ilikuwa ya waasi. Kwa hiyo mtaa huu mtulivu, uliotii kila amri kwa miaka kumi na zaidi, mara hii ulituma watoto wake kupigana na jeshi la mfalme, na padre akaiandika gharama yao katika hesabu kama alivyoandika gharama ya nta.

Mwezi wa Agosti Lord Russell alikuja na askari wa mfalme, na wengine wa kukodiwa kutoka ng'ambo, akaufungua Exeter na kuwavunja waasi vita baada ya vita. Waliouawa walikuwa maelfu. Kati ya vijana watano wa Morebath, wako ambao majina yao hayaonekani tena kitabuni.

Miaka minne iliyofuata ni ya ufukara. Lakini Edward alikufa mwaka 1553, akatawala dada yake Mary, aliyerudisha Misa ya Kilatini, na Morebath kikatokea kisa kizuri. Vitu vilivyodhaniwa vimepotea vilianza kurudi. Huyu alileta kipande cha sanamu, huyu kitabu, huyu mavazi. Walikuwa wamevinunua au kuvihifadhi majumbani mwao, kila mtu akinyamaza. Padre aliwaandika kwa majina na kuwashukuru.

Faraja hiyo haikudumu. Mary alikufa mwaka 1558, na mwaka wa pili wake Elizabeth akarudisha Kitabu cha Sala cha Kiingereza. Trychay alikuwa amekwisha kukaa hapo karibu miaka 40. Hakuondoka. Alisoma Kiingereza kama alivyoamriwa, altare ikaondolewa, na ibada ya Jumapili ikaendelea kwa watu wale wale na watoto wao.

Wako wanaomlaumu kwa hayo. Padre wa kweli, wasema, angeshika upande mmoja akafukuzwa au akafa nao. Mimi simwiti mwoga. Mwaka 1549 alikuwa ameona mwisho wa kushika silaha, tena si yeye aliyekufa, ni vijana aliowabatiza. Naona alifanya uchaguzi wake siku hiyo: kama hawezi kulinda mishumaa, atawalinda watu. Kama alichagua sawasawa, wasomaji na wapime wenyewe, lakini wapime wakijua kwamba kila mara aliyoamriwa kubadili, watu waliokuwa mbele yake walikuwa wale wale wa nyumba 33.

Lililopotea ambalo halikurudi, hata siku za Mary, ni mifuko ile mingi. Sanamu yaweza kufichwa chini ya kitanda, lakini usimamizi wa wasichana hauwezi kufichwa. Hesabu za miaka ya Elizabeth ni za namna nyingine. Fedha sasa yatoka kwa kutozwa nyumba kwa nyumba, na mengi yanayolipwa ni mambo ya serikali: askari, silaha, madaraja. Mtaa umekuwa mkono wa kukusanyia mahitaji ya wakubwa. Tena hesabu zenyewe zimekuwa fupi, na majina ni machache.

Kanisa la Mtakatifu George lingalipo, na mnara wake wa zamani umebaki, ingawa mengi yalitengenezwa upya karne ya 19. Hesabu za mkono wa Trychay zinakoma mwaka 1573, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Zile za mwisho hazitaji kondoo wa kanisa hata mmoja.